Buti la Askari: Kudumu kwa Kiatu na Kudumu kwa Mguu

Wahenga walisema kwamba kitanda usichokilalia hujui kunguni wake. Usemi huo wafaa sana kwa habari ya viatu. Karani wa ghala la jeshi hulijua buti kwa kipimo chake na kwa tarehe lilipotolewa. Fundi hulijua kwa uzi na ngozi yake. Bali askari hulijua kwa maili alizokwenda nalo, na mara nyingi hukumu yake ni mbali na ile iliyoandikwa katika daftari.

Watu waliopata kuyaona mabuti ya zamani ya jeshi la Uingereza husifu jambo moja zaidi ya yote, yaani ugumu wake. Husema kwamba yalikuwa mazito kama chuma na kwamba hayakuchakaa upesi. Sifa hiyo ni ya kweli, walakini haitoshi. Kiatu kinaweza kukaa miaka mingi bila kupasuka, na huku mguu uliomo ndani yake umeharibika kwa siku tatu. Habari za askari waliovaa mabuti hayo, tangu Ulaya mpaka Burma na mpaka visiwa vya Falkland, zaonyesha jinsi majeshi yalivyojifunza jambo hilo, na jinsi yalivyolisahau na kulazimika kujifunza tena.

JINSI LILIVYOTENGENEZWA

Buti lililojulikana sana lilikuwa lile ambalo Waingereza waliliita buti la amunisheni. Lilivaliwa tangu miaka ya mwisho ya karne ya 19, likapita katika Vita Kuu mbili, likaendelea mpaka baada ya mwaka 1950. Lilifika juu kidogo ya kifundo cha mguu. Ngozi yake ilikuwa nene, na soli yake ilikuwa ya ngozi ngumu iliyoshonwa tabaka juu ya tabaka. Chini ya soli palipigiliwa misumari mifupi yenye vichwa vinene. Kisigino kilifungwa chuma chenye umbo la kiatu cha farasi, na mbele ya vidole palikuwa na kipande kingine cha chuma.

Maana ya vyuma hivyo ilikuwa ni kuilinda ngozi ya soli isilike kwa mawe ya barabarani. Misumari ilikwisha kwanza, nayo ilikuwa rahisi kubadilishwa. Soli nayo ilipokwisha, iling'olewa ikatiwa mpya, na buti likarudi kazini. Kila kikosi kilikuwa na mafundi wake wa viatu. Wakati wa vita vya 1914 hadi 1918 ilikuwapo huko Calais, katika nchi ya Ufaransa, karakana kubwa ambamo mabuti yaliyookotwa na kukusanywa yalitengenezwa upya. Basi siri ya kwanza ya kudumu kwake haikuwa ugumu wa ngozi peke yake. Lilikuwa limetengenezwa na watu waliokwisha kufikiri jinsi litakavyofunguliwa na kutengenezwa tena.

Lakini vyuma hivyo vilikuwa na madhara yake. Juu ya mwamba au sakafu laini, askari aliteleza. Usiku adui aliweza kusikia mlio wa misumari kutoka mbali. Wakati wa baridi kali chuma kilipitisha baridi mpaka kwenye wayo. Tena msumari uliolegea ulipanda juu ukapenya soli ya ndani, ukamchoma mwenye buti kila alipokanyaga.

WALIOSHONA NAO WALITEMBEA

Mabuti mengi ya jeshi yalishonwa katika jimbo la Northamptonshire, ambako kazi ya viatu ilikuwa ya asili tangu zamani. Katika mji mdogo wa Raunds watu wengi walikula kwa kazi hiyo ya jeshi. Serikali ilitoa kazi kwa matajiri wa viwanda waliotaka bei ndogo, na matajiri walipopunguziana bei wao kwa wao, waliopata hasara ni washonaji, kwa maana ujira wao ndio uliokatwa.

Mwezi wa Mei 1905 washonaji wa Raunds waliokuwa wamegoma waliamua kwenda London kwa miguu, wapeleke malalamiko yao kwenye Afisi ya Vita. Kiongozi wao alikuwa James Gribble, mtu aliyepata kuwa askari. Walichaguliwa watu 115, wakapangwa safu safu kama jeshi. Safari yao ilisaidia kuleta mapatano juu ya ujira wa kazi ya mabuti ya jeshi.

Katika habari hiyo mna fundisho kwa kila mnunuzi. Mtu akitaka kiatu kwa bei ya chini kabisa, upungufu wa bei hiyo hulipwa na mtu mwingine. Kwanza hulipwa na mshonaji, ambaye hupunguza mishono ili amalize upesi. Kisha hulipwa na mvaaji, siku ya mvua.

BUTI JIPYA NA SAFARI NDEFU

Vita vilipoanza mwezi wa Agosti 1914, jeshi la Uingereza lilivuka bahari kwenda Ufaransa na Ubelgiji. Wengi katika jeshi hilo walikuwa askari wa akiba, watu waliokuwa wamekwisha kurudi katika kazi za nyumbani, wakaitwa ghafla na kupewa mabuti mapya. Mabuti yalikuwa mazuri, bali yalikuwa magumu, na miguu yao ilikuwa imezoea viatu vyepesi.

Baada ya mapigano ya Mons, tarehe 23 Agosti, jeshi lilianza kurudi nyuma kuelekea kusini. Kwa muda wa siku kumi na tatu hivi askari walitembea karibu maili 200, katika jua kali, juu ya barabara zilizotandikwa mawe, na usingizi wao ulikuwa mchache. Wengi walipata malengelenge yaliyopasuka yakawa vidonda. Wengine walivua mabuti usiku ili wapumzishe miguu, na asubuhi walipotaka kuyavaa walikuta miguu imevimba, haiingii. Ikawa lazima wafunge vitambaa miguuni na kuendelea na safari hivyo hivyo, wakichechemea.

Mabuti yale hayakuwa na kosa la ushonaji. Kosa lilikuwa kwamba kiatu na mguu vilikuwa bado havijazoeana. Ndiyo maana askari wa zamani walikuwa na desturi ya kulivaa buti jipya kidogo kidogo kila siku, kwa safari fupi, wakilipaka mafuta ngozi ilainike. Ndiyo maana pia askari alipewa jozi mbili, ili moja ikiwa kazini nyingine ipumzike na kukauka.

MAJI YA MAHANDAKI

Majira ya baridi ya 1914 na 1915 yaliwakuta askari wamo katika mahandaki yaliyojaa maji na matope. Walisimama humo saa nyingi, mara nyingine siku nyingi, bila kuvua viatu. Ukatokea ugonjwa ambao madaktari waliuita ugonjwa wa miguu wa mahandakini. Miguu ilikufa ganzi, ikavimba, ikageuka rangi kuwa nyekundu au buluu. Ugonjwa ukizidi, nyama ilioza, na vidole au mguu wote ulikatwa. Maelfu ya askari waliondolewa vitani kwa sababu hiyo, bila kupigwa risasi hata moja.

Baridi ya ugonjwa huo haikuwa lazima iwe ya barafu. Maji yaliutosha mguu uliobanwa na kuachwa bila kusogezwa, mpaka damu ikashindwa kupita vizuri. Buti lililokazwa sana, pamoja na kitambaa kilichozungushwa kwa nguvu kwenye muundi, vilizidisha madhara.

Dawa yake ilikuwa kazi ya kila siku. Askari waliamriwa kubadilisha soksi walau mara mbili kwa siku, kukausha miguu na kuisugua kwa mafuta ya nyangumi. Mara nyingi waliwekwa wawili wawili, kila mmoja akawa na dhamana ya miguu ya mwenzake. Maofisa nao walitakiwa kukagua miguu ya watu wao, na kikosi chenye wagonjwa wengi kilihesabiwa kuwa kina uongozi mbaya. Kwa njia hiyo ugonjwa ulipungua sana. Buti lilibaki lile lile, ila matunzo ndiyo yaliyobadilika.

ASKARI WA KEYA NA WAPAGAZI

Wakati huo huo vita vilikuwa vikipiganwa katika Afrika ya Mashariki, na huku habari ya mabuti ilikuwa nyingine kabisa. Askari wa King's African Rifles, ambao watu waliwaita Keya, walipigana vita vya 1914 hadi 1918 bila viatu. Miundi yao ilizungushiwa vitambaa vya jeshi, lakini nyayo zao zilikanyaga ardhi. Wapagazi wa Carrier Corps, ambao jina lao limebaki katika mtaa wa Kariokor mjini Nairobi na Kariakoo mjini Dar es Salaam, walibeba risasi na vyakula mamia ya maili wakiwa vilevile peku. Makumi ya maelfu yao walikufa, wengi wao kwa magonjwa, njaa na uchovu.

Wakuu wengi wa siku hizo walidhani kwamba wayo wa Mwafrika umekwisha kuwa mgumu, hauhitaji kiatu. Ni kweli kwamba mtu aliyekua bila viatu huwa na wayo wenye ngozi nene. Lakini ngozi nene haizuii funza. Mdudu huyo hakuwa wa Afrika tangu mwanzo. Aliletwa na meli kutoka Brazil hadi pwani ya Angola mwaka 1872, naye alivuka bara lote kwa miaka isiyofika thelathini, akifuata njia za misafara. Katika kambi za vita alipata makao mazuri. Mtu aliyejaa funza vidoleni hawezi kutembea, wala kubeba mzigo, na kidonda cha funza kikiingia uchafu huweza kumfikisha mtu kwenye kukatwa kidole.

Hapo yaonekana kwamba hesabu ya kuokoa bei ya viatu ilikuwa na gharama yake. Haikuandikwa katika daftari la ghala. Iliandikwa katika miguu ya watu.

MATOPE YA BURMA

Katika vita vya pili mambo yalibadilika kwa hatua. Mwanzoni askari wengi wa Keya waliendelea kwenda peku au kwa makubazi ya ngozi. Lakini divisheni ya 11 ya Afrika Mashariki ilipokwenda kupigana na Wajapani huko Burma, askari wake walivaa mabuti. Humo walikuwamo vijana wa Kenya, Uganda, Tanganyika, Nyasaland na Rhodesia ya Kaskazini.

Kuanzia Agosti 1944 divisheni hiyo ilishuka katika bonde la Kabaw, kutoka Tamu kuelekea mto Chindwin, wakati wa mvua kubwa za kule. Njia ziligeuka kuwa mito ya matope. Bonde lilijaa malaria na homa ya papasi wadogo wa vichakani, na ruba walipenya kila mahali palipokuwa na nafasi. Chakula na vifaa vilishushwa kwa ndege, kwa kuwa magari hayakuweza kupita. Tarehe 2 Desemba 1944 askari hao waliuteka mji wa Kalewa, na baada ya siku chache daraja refu la chuma likajengwa juu ya mto Chindwin.

Kwa vijana wengi hilo lilikuwa buti la kwanza katika maisha yao. Mguu uliokua bila kiatu hutanuka mbele, vidole vikaachana, na buti lenye urefu unaofaa laweza kuubana kwa upana. Mabuti ya Uingereza yalikuwa na vipimo viwili, cha urefu na cha upana, lakini vipimo hivyo vilitokana na miguu ya Uingereza. Kwa hiyo mwenye buti alilazimika kuchagua kati ya kubanwa mbele na kuchezewa kisigino. Katika mvua ile ngozi haikupata kukauka, nayo iliota ukungu, na uzi wa mishono ukaoza. Ugumu ule uliosifiwa katika barabara za Ulaya haukufua dafu mbele ya unyevu wa msituni.

Hata hivyo buti lilikuwa na thamani nyingine machoni pa askari. Mtu aliyetembea na kupigana sawasawa na wenzake wa mataifa mengine alitaka pia kuvikwa sawasawa nao. Kumwambia askari kwamba wayo wake hauhitaji kiatu kulikuwa ni kumwambia kwamba yeye ni mtu wa daraja nyingine. Kwa ajili hiyo buti lilihesabiwa kuwa heshima, hata pale lilipouma.

SOLI YA MPIRA

Mwaka 1935 Mwitalia mmoja mpanda milima, Vitale Bramani, alifiwa na wenzake sita katika milima ya Alps. Aliona kwamba viatu vyao havikufaa kwa mwamba na theluji, akabuni soli ya mpira yenye meno makubwa, aliyoipatia hati mwaka 1937. Soli za namna hiyo zilipendwa na wanajeshi, maana zilishika mwamba na hazikupiga kelele.

Karibu na mwaka 1960 jeshi la Uingereza lilianza kuacha buti la misumari na kuchukua buti jipya, ambalo soli yake ya mpira ilichomwa na kushikamanishwa moja kwa moja na ngozi bila kushonwa. Kwa habari ya soli, kazi hiyo ilifanikiwa. Mpira haukuoza wala haukulika upesi. Lakini buti lenyewe lilikuwa fupi, na maji yalipita kwenye ngozi na juu ya kifundo.

Upungufu huo ulidhihirika mwaka 1982 katika visiwa vya Falkland. Majeshi yaliteremka pwani tarehe 21 Mei, mwanzo wa majira ya baridi ya huko, na vita vilikwisha tarehe 14 Juni. Nchi ile ni ya majani yaliyolowa maji kama sponji. Baadhi ya vikosi vilitembea maili 56 hivi kwa siku tatu, kila mtu na mzigo mzito mgongoni. Miguu haikukauka, na ule ugonjwa wa mahandakini, uliodhaniwa kuwa ni habari ya babu zao, ukarudi. Askari wengine walivua mabuti ya adui waliotekwa au kufa, kwa sababu yalikuwa marefu na yalizuia maji vizuri zaidi. Miaka michache baadaye jeshi likatoa mabuti marefu.

Joto nalo lilileta fundisho lake. Katika mazoezi makubwa ya vita huko Oman mwaka 2001, mabuti ya kawaida ya baadhi ya askari yalishindwa na mchanga wa moto, soli zikaharibika. Hatimaye, mwaka 2012, jeshi hilo lilitangaza mabuti ya kahawia ya namna tano, kila moja kwa kazi na hali yake, pamoja na vipimo vya miguu ya wanaume na vya wanawake mbalimbali. Ilichukua zaidi ya miaka mia kukiri kwamba hakuna buti moja linalofaa kila mguu na kila nchi.

FAIDA KWA MKULIMA NA KARANI

Msomaji asiye askari aweza kusema kwamba habari hizi si zake. Lakini mkulima aendaye shambani alfajiri katika umande, na karani atembeaye maili tatu kwenda afisini na kurudi, nao wana maili zao za kuhesabu.

Jambo la kwanza ni kununua kiatu jioni, wakati mguu umekwisha kutanuka kwa kazi ya mchana, na kukijaribu kwa soksi zile zile zitakazovaliwa. Vidole viweze kusogea, na kisigino kisipande na kushuka. Kiatu kinachobana dukani hakitaacha kubana njiani.

La pili ni kuvaa kiatu kipya kwa muda mfupi kila siku, na kukipaka mafuta ya ngozi kabla ya safari ya kwanza ndefu.

La tatu ni kukausha. Kiatu kilicholowa kisiwekwe karibu na moto, kwa maana ngozi hukakamaa na kupasuka. Kifunguliwe kamba, kijazwe karatasi, hata gazeti lililokwisha kusomwa na nyumba nzima, kisha kiwekwe kivulini penye upepo. Mwenye uwezo wa kuwa na jozi mbili azibadilishe, na kila moja itaishi zaidi.

La nne ni la mwenye mifugo. Samadi na mkojo wa ng'ombe hula uzi na ngozi. Buti lililotoka zizini lioshwe siku ile ile, wala lisiachwe mpaka Jumapili.

La tano ni kumwendea fundi mapema. Kisigino kilicholika upande mmoja ni kazi ndogo na bei ndogo. Kikiachwa, soli hupinda, ngozi hupasuka, na kiatu chote huwa cha kutupwa. Usipoziba ufa utajenga ukuta.

Na la mwisho ni kuutazama mguu wenyewe. Kila jioni uoshwe na kukaushwa, hasa katikati ya vidole, na mtoto naye atazamwe vidole vyake kama ana funza. Ofisa aliyepiga magoti kukagua miguu ya watu wake katika mahandaki hakuona haya kufanya kazi hiyo. Mzazi naye hana sababu ya kuona haya mbele ya wanawe.